Hépatique na Hippocampe

Swali lile alilitunga préfet wetu Hubert, mkuu wa shule, na alilitunga ili tuone anajua Kifaransa: linganisha hépatique, mmea mdogo wa penye unyevu, na hippocampe, mnyama wa baharini. Bahari yenyewe, ukiwa hapa Bunia, sijui hata iko upande gani. Lakini mimi mwalimu wa biolojia ndiye niliyetakiwa kumuuliza Gracieuse mbele ya darasa, préfet mwenyewe ameketi nyuma, mguu juu ya mguu. Ilikuwa nafasi ya mwisho ya msichana huyo. Akianguka, mjomba wake anamtoa shuleni na kumpeleka Irumu kulima mihogo.

“Hépatique iko mutu mwenye kugonjwa maini, Madame,” akaanza Gracieuse. “Macho inakuwa jaune kama manjano. Hippocampe iko camp ya viboko.”

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikumlaumu. Kwa Kifaransa neno hépatique ni la maini pia. Amekaa kwenye kambi ya wakimbizi tangu walipokimbia Djugu. Akisikia “camp” alitakiwa kufikiria nini, farasi wa baharini?

“Na zinafanana wapi?” nikamuuliza.

“Zote mbili inangojea ba-ONG ya misaada.”

Hata préfet alicheka, mpumbavu yule, kisha akatoa kalamu nyekundu. Nikachukia. Nikamwambia swali halijaisha, nikatoka nje, nikabandua kitu cha kijani kilichogandamana na ukuta wenye unyevu nyuma ya vyoo, nikarudi nacho: hii ndiyo hépatique. Ubaoni nikachora hippocampe, samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Nikaeleza jinsi zinavyozaliana, préfet akakohoa. Hépatique dume huachia mbegu zake kwenye maji ya mvua. Zikimfikia jike, kazi ya dume imekwisha. Hippocampe jike humpa dume mayai, na dume ndiye anayebeba mimba mpaka kuzaa. Wavulana wakapiga kelele kwamba hayo ni matusi.

“Sasa linganisha,” nikasema.

Gracieuse aliutazama ule mmea kiganjani mwangu.

“Zote mbili inatakaka maji juu ya kuzala,” akasema. “Lakini papa yangu mwenye kunizala iko hépatique, Madame. Alipita na mvua. Hippocampe, hapa Bunia sijaona bado.”

Nilimpa kumi na nane juu ya ishirini, na préfet akithubutu kupunguza hata moja, nitamuuliza mbele ya walimu wote yeye ni yupi kati ya hao wawili.