Utabiri wa Norbert kwa Mechi ya Ujerumani

Kila Ijumaa jioni watu wa kijiji cha Lipnik, Wisconsin, hula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia. Samaki akiisha, Norbert Kiedrowski husimama, hugonga maiki kwa ukucha, na kuwaeleza timu yao ya futiboli ya Kimarekani itafanya nini Jumapili. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili bila malipo, na hana nyingine inayomfanya asikilizwe. Nyumbani hata mbwa hamsikilizi.

Ijumaa moja ya mwisho wa Oktoba alisimama samaki bado yuko mezani. Timu ilikuwa inakwenda Ujerumani kucheza na timu ya Florida, na kijiji kizima ni yeye tu aliyewahi kukaa huko: miaka miwili jeshini, ujanani, akilinda ghala la viatu.

"Sikilizeni," alisema. "Nyasi za Ujerumani ni nzito. Nimezikanyaga mwenyewe. Vijana wetu wamezoea tope, hawatateleza. Hao wa Florida wataanguka kama ng'ombe juu ya barafu. Halafu kuna chakula. Watapewa kabichi chachu. Sisi kabichi hiyo tumeachishwa nayo ziwa. Wao robo ya pili haijaisha watakuwa wanagombania choo. Ishirini na saba kwa kumi. Andikeni!"

Watu wakaandika kwenye karatasi za kufutia mikono.

Padri Aloysius akanyoosha kidole. "Norbert, mimi sina shida na choo cha mtu. Nina shida na misa. Mechi inaanza saa ngapi?"

"Kule saa tisa na nusu alasiri, Padri. Wametutangulia kwa saa saba, kwa hiyo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Saa sita kasorobo imekwisha. Weka misa saa sita kamili, utaona kanisa linavyofurika."

Delphine Zastrow, mjane anayekaanga samaki, akatoka jikoni na koleo lake la mafuta. "Gazeti limeandika saa tatu na nusu."

"Hiyo ni saa ya New York, mama. Sisi wa huku tunatoa moja. Hujui hata hilo?"

Ukumbi ukacheka. Kule Lipnik mtoto hujua kutoa moja kabla hajajua kuhesabu.

"Na ukiwa umekosea?" Delphine akauliza.

"Nikikosea, maiki ni yako. Padri ni shahidi."

Ukumbi ukapiga makofi, lakini Norbert alipokaa, aligeuka kuutazama mlango wa jikoni. Kila mtu alijua kwamba Delphine huandika utabiri wake mwenyewe kwenye mfuko wa unga jikoni, na mfuko ule haukosei mara nyingi.

Jumapili, saa moja asubuhi, kiza hakijaondoka sawasawa, magari thelathini yalikuwa yamejipanga katika maegesho ya kanisa, milango ya nyuma wazi, majiko yakifuka moshi. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya bahari nzima, lakini watu wa Lipnik hawaangalii mechi bila kwanza kuchoma soseji nje kwenye baridi na kunywa bia wakiwa wima. Mila haiulizi umbali.

Saa mbili na nusu wakaingia ukumbini na kuwasha televisheni. Wakamwona mpishi mmoja anafundisha supu ya maboga.

"Wamechelewa," alisema Norbert. "Wajerumani wa siku hizi wavivu. Zamani zangu haikuwa hivi."

Wakaangalia supu ikiandaliwa mpaka ikapakuliwa. Ndipo Delphine akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Ujerumani wamerudisha saa zao nyuma kwa saa moja usiku uliopita, kama wafanyavyo kila baridi ikikaribia, na Marekani itarudisha wiki ijayo. Kwa hiyo tofauti ilikuwa ya saa sita, si saba, na gazeti la wilaya liliandika saa ya wilaya.

"Mbona hukusema juzi?" mtu akauliza.

"Nilisema. Mkacheka."

Mechi ilianza saa tatu na nusu. Kwenye nyasi nzito za Ujerumani mrushaji mpira wa timu yao aliteleza mara nne. Hao wa Florida walikimbia kama wamezaliwa pale. Kengele ya misa ilipolia saa sita, timu ilikuwa nyuma kwa pointi tatu na hakuna aliyetikisika. Ikalia tena. Saa sita na nusu, zikiwa zimebaki dakika nne za mchezo, viatu vya Padri vikasikika kwenye ngazi.

Norbert aliona akilini jambo moja tu: maiki, na Delphine ameishika. Akaruka, akazima televisheni. Kabla watu hawajapata pumzi ya kumtukana, Padri alikuwa mlangoni na mavazi yake ya misa.

"Vipi, Norbert? Imekwisha?"

"Imekwisha, Padri. Sasa hivi. Tulikuwa tunakuja."

"Ajabu," alisema Padri. "Redio yangu kule sakristia inasema zimebaki dakika nne na mpira ni wetu." Akavuta kiti, akakusanya joho lake, akakaa. "Washa, Delphine. Na ile maiki ni yako tangu leo. Wewe Norbert, tangulia kanisani. Kaa benchi la mbele ukamwambie Mungu ulichoniambia mimi, nawe umsikilize atakavyojibu."

"Padri, nikishaona tu hizi dakika nne..."

"Nenda."

Akaenda. Kanisa lilikuwa baridi, mishumaa imewaka, na hamna mtu. Alikaa benchi la mbele, kofia magotini, akajaribu kusali, akajikuta anahesabu sekunde. Mara ukuta wa upande wa ukumbi ukatetemeka kwa ukelele wa watu mia mbili. Norbert akainua kichwa. Akatega sikio la kulia, kisha la kushoto. Ulikuwa ukelele mkubwa, mrefu, na kwa uzoefu wake wote hakuweza kujua kama wale watu wanafurahi au wanalia.