Moto wa Gari la Mkate

Gari la mkate liliungua saa nne asubuhi, likiwa limeegeshwa uani kwa kiwanda, injini imezimwa na dereva yuko ndani ya kiwanda akipanga trei. Watu walikimbia na ndoo za maji na mchanga, lakini moto haukuwasubiri. Zimamoto walipofika walikuta moshi na mabati tu. Hakuna aliyeumia.

Dereva wake alikuwa bwana mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Siagi kwa sababu haachani na mkate. Alikuwa mvuta sigara, na hilo likatosha. Mwenye kiwanda, mama mtu mzima asiyependa kelele, alimwita ofisini akamwambia, "Mwanangu, sikushtaki popote. Ila funguo za gari langu hutazishika tena."

Siagi akaenda kwa rafiki yake, fundi umeme wa magari. Fundi huyo, waliyemwita Waya, alikuwa amefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Alilala katika chumba kilichoshikana na karakana yake, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, akimpigia simu kila Jumapili. Wengine wote waliofika pale walileta magari mabovu. Siagi peke yake ndiye aliyekuja bila shida yoyote. Alikuwa akimaliza kusambaza mkate, anakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anapiga soga mpaka jua linapungua. Waya alikuwa si msemaji. Kazi yake ilikuwa kucheka.

Sasa Siagi alikuja tangu asubuhi, na maneno yalikuwa yamemkauka.

"Nakumbuka kama nilikizima kile kipande cha sigara," alisema siku moja. "Lakini nikilala naona nimekiacha pale kando ya gia, kinawaka."

"Usijitese, kaka. Ajali haina kinga."

"Shemeji yako haongei. Angenigombeza ningepumua. Ananitengea chakula, ananyamaza."

Waya alimhurumia. Siku ya kumi na tisa baada ya moto, bila kumwambia mtu, alichukua tochi na koleo akaenda uani kwa kiwanda, ambako gari lilikuwa bado linasubiri wanunuzi wa chuma chakavu. Aliomba ruhusa kwa mlinzi, akaingiza kichwa chini ya boneti.

Haikumchukua muda kuona kwamba moto haukuanzia ndani. Kiti kilikuwa kimeungua, ndiyo, lakini bati lililo kati ya injini na dereva ndilo lililopinda na kubadilika rangi kuliko pengine pote, upande wa betri. Hiyo si sigara. Waya alihisi furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Alijiona tayari akimpelekea rafiki yake habari, na Siagi akirudi kuwa Siagi.

Akafuata waya mmoja kutoka betri hadi kwenye tundu la lile bati. Pale kwenye ukingo, shaba ilikuwa imeyeyuka ikaganda kama punje ya mtama. Inchi chache nyuma yake kulikuwa na kiungo kilichosokotwa mara tatu, kisha kikakunjwa kurudi nyuma. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa akiunga hivyo. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo na marehemu baba yake.

Alikaa chini kwenye majivu.

Miezi miwili kabla ya moto, alikuwa amemfungia Siagi redio garini. Alivuta umeme moja kwa moja kutoka betri, akaupitisha kwenye tundu. Vipira vya kuzuia waya usisuguane na bati vilikuwa vimeisha, na fyuzi ya karibu na betri hakuiweka. "Nitamalizia kesho," alisema, na Siagi akajibu kwamba mkate unapoa. Kesho ikapita, na keshokutwa. Gari likatikisika barabarani, waya ukajisugua taratibu mpaka ukabaki mtupu, ukagusa bati.

Alikata kipande chenye kile kiungo, akakitia mfukoni. Chuma chakavu kingechukuliwa wiki ile ile, na hakuna mwingine ambaye angejua kukisoma. Jumapili binti yake alipopiga, alitaka kumweleza.

"Baba, umekula?"

"Nimekula," alisema, na hakuwa amekula tangu jana yake.

Jumatatu Siagi alipoketi, Waya alimwekea kile kipande kiganjani akamweleza yote, bila kujitetea. Siagi alikigeuza geuza.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Na Ijumaa nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa."

"Ukaniambia pole." Siagi aliinuka, akakirudisha kile kipande mezani polepole. "Redio niliitaka mimi, na kosa mtu yeyote hukosea. Lakini ile pole, ndugu yangu, ungeiacha."

Mchana ule ule Waya alikwenda kwa mwenye kiwanda, akasema kosa ni lake, akaandika na kutia sahihi. Yule mama alisoma mara mbili. "Ungeweza kunyamaza," alisema. Kisha akamtuma mtu kumwita Siagi.

Siagi alirudishwa kazini na kupewa gari jingine. Habari zilienea, na wateja wa Waya wakapungua, maana umeme wa gari ni kazi ya kuaminiana. Waliobaki walimsimamia wakiangalia mikono yake. Hakuwalaumu. Sasa hakuna gari lililotoka kwake bila fyuzi, hata mwenye gari akiwa na haraka ya kuzaa.

Gari la mkate lilipita mbele ya karakana kila alfajiri bila kusimama. Mwezi wa tano baada ya hapo, likasimama. Taa moja ilikuwa haiwaki. Siagi alishuka, akasalimia, akabaki wima huku Waya akibadilisha balbu.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Shemeji yako anakusalimu. Na wewe?"

"Nipo."

Taa ikawaka. Siagi aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika taa kutazamwa.

"Haya. Nikipata nafasi nitapita."

"Karibu sana."

Waya alijua kwamba Siagi hakuwahi kukosa nafasi. Alisimama mlangoni mpaka gari likakata kona, kisha akanawa mikono, akaingia chumbani kupika chakula cha mtu mmoja.