Sungura wa Ofelia

Ofelia, jirani Mmeksiko wa mlango wa pili, alileta mnyama wa mti ambaye Mungu hakumuumba: masikio ya sungura, mkia wa mamba, mabawa mgongoni. Kaka yake ndiye aliyemchonga huko kwao Oaxaca, akafa kabla mnyama hajatiwa rangi.

"Anaomba umpige msasa tu," Jedidah alimtafsiria mama yake, Keziah. "Rangi atapaka mwenyewe Jumamosi, siku yao ya kukumbuka wafu."

Keziah alimpokea kwa mikono miwili. Tangu aje huku ughaibuni, Columbia Heights, kumlelea Jedidah watoto, mti alioushika ni mwiko tu. Akakaa dirishani, nje theluji ile kubwa ya mwaka wa tisini na moja ikimwagika, akaanza kusugua. Vumbi jembamba lilipompanda puani, akarudi kijijini kwao Wamunyu mzima mzima: marehemu Harrison wake anachonga, tezo inalia ko, ko, naye mkekani na wanawake wenzake wanasugua twiga huku wakisengenya. Mwanamume achonge, mwanamke ang'arishe. Harrison akimaliza humtupia mnyama mapajani: "Haya mama, mvishe," naye humpaka kiwi hadi ang'ae.

Basi mkono ukaenda wenyewe. Baada ya msasa akachukua kiwi ya viatu, ile ya kahawia, akamsugua sungura kwa kitambaa hadi akang'aa kama upara uliopakwa mafuta.

Jumamosi Ofelia akaja na vikopo vyake: waridi, samawati, njano ya kuumiza macho. Akagusa bawa kwa brashi. Rangi ikajikusanya matone, ikateleza, ikaanguka. Akajaribu tena. Kisha akakaa chini, akafunika uso.

"Mwaitu, umefanya nini!" Jedidah alimng'akia mama yake. "Rangi itashikaje juu ya kiwi? Na kaka yake hachongi tena!"

"Nimemvisha," Keziah akasema.

Hakungoja tafsiri. Akaleta msasa, akampa Ofelia kipande, yeye akashika mkia. Wakasugua mpaka chai ikapoa mezani. Kahawia ikatoka kote, isipokuwa kwapani mwa mabawa, kidole kisikofika. Keziah akatafuta kijiti, Ofelia akamshika mkono, akasema jambo.

"Anasema uache hapo," Jedidah akatafsiri. "Hata kaka yake alikuwa haoshi kwapa."

Keziah akacheka, akacheka hadi akajikuta anamlilia Harrison. Ofelia akachovya brashi kwenye waridi, akaanzia sikioni. Safari hii rangi ikashika.