Ndege ya Moja kwa Moja

Mama Qabale alikata roho magharibi, kikombe cha maziwa kikiwa bado mkononi mwa bintiye Fardosa aliyekuwa akimnywesha. Kilio kilipotulia, Fardosa alimkumbuka kaka yake Abduba, mlinzi wa jumba la maduka huko Doha. Mama alikuwa ameusia, tena mbele ya watu, kwamba Abduba ndiye atakayemshusha kaburini.

Akaiuliza simu. Kutoka Doha hadi Nairobi, kilomita zaidi ya elfu tatu, ndege ya moja kwa moja inakwenda kwa saa tano na ushei tu. Fardosa alishangaa, basi la kutoka Garsen hadi Nairobi humla mtu mchana kutwa! Na usiku ule ule ndege ilikuwepo. Alfajiri Nairobi, kisha kandege kadogo mpaka Malindi, kisha gari. Adhuhuri Abduba angekuwa nyumbani.

Sheikh Zakaria alikunja uso, maana maiti haicheleweshwi.

"Tutamngoja mpaka alasiri," alisema. "Baada ya hapo, binti yangu, usiniombe tena."

Basi Fardosa akafanya lile ambalo sisi sote wa Garsen tungelifanya, na tungejiona wenye busara. Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba njiani. Mtu yuko peke yake ughaibuni, akianguka nani atamshika? Akakaza sauti, akampigia.

"Abduba, mama anaumwa kidogo. Njoo umwone."

"Kidogo vipi? Nije leo hii?"

Angeweza kusema hapo. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Wewe njoo tu. Anaendelea vizuri, alhamdulillahi."

"Haya, mwambie nakuja."

Kesho yake adhuhuri ilipita. Simu ya Abduba haikupatikana, na Fardosa akajifariji kwamba yuko angani. Alisimama kando ya barabara akitazama kila gari litokalo upande wa Malindi mpaka macho yakamwuma. Alasiri wanaume wakaondoka na jeneza. Mjomba Bule, ndugu wa marehemu, ndiye aliyeingia kaburini. Fardosa alibaki uani na wanawake wenzake, ameikasirikia ndege.

Abduba alifika siku ya pili, teksi imefungwa boksi kubwa juu. Alishuka anacheka.

"Mama yuko ndani? Nimemletea kiti cha magurudumu, atoke nje apunge upepo."

Aliwaona wanawake wamejaa mkekani, akamwona dada yake amejifunika uso, na kicheko kikamkauka. Mjomba Bule akamshika mkono, akamwambia yote, na siku aliyozikwa.

Abduba alikaa chini pale pale mchangani.

"Ulipokata simu tu, ile ya moja kwa moja niliikatia tiketi, Fardosa. Begi nilikuwa nimelifunga. Kisha nikakumbuka umesema anaendelea vizuri, nikaibadilisha, ili asubuhi niende kununua kiti. Nikaja kwa ile inayozungukia Addis, nikalala kule uwanjani."

Fardosa alitaka kumwambia kwamba alimwonea huruma. Ilikuwa kweli, lakini hakuthubutu kuisema. Alijutia huruma ile kwa moyo wote, na Abduba hakunyanyua macho kumtazama.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningelia ndani ya ndege, na ningefika."