Ukuta Unaokunywa Maji

Mafuriko yalikuwa yameondoka Masanze siku nne zilizopita. Jua lilichoma, njia zilianza kutimua vumbi, lakini chumbani kwa Bi Mwanahawa maji yalikuwa bado yanapanda ukutani. Mwanawe Hussein, fundi mwashi, aliweka alama ya mkaa kila asubuhi. Jumatatu unyevu ulikuwa usawa wa goti. Alhamisi umefika dirishani. Nani aliwahi kuona maji yakipanda mlima? Hussein alikuwa akiyaona, na hakuwa na la kuyafanya.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, kama nyingi za hapo. Mwaka uliopita, baba yake alipoanza kuugua, Hussein aliipiga plasta ya saruji nje yote, kuanzia chini hadi kwenye paa, akaziba kila ufa. Nyumba nyingine kitongojini zilibaki na udongo wao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Habari za mtu aliyeziba kila kitu, hata pa maji kutokea, hawakutuachia.

Nikolaus, fundi mwenzake wa Kimamba, alikuja na pikipiki. Akagonga plasta kwa mpini wa mwiko, akasikiliza.

"Ndugu yangu, tofali bichi linavuta maji kutoka chini kama utambi wa kibatari. Zamani likinywa, jua linalikausha. Sasa umelifungia."

"Nikiibandua?"

Nikolaus akabandua kipande cha ukubwa wa kiganja. Tofali likatoka nacho, laini, likimporomokea vidoleni. Wakarudishia upesi, wakaegemeza mirunda miwili ya miti kwa nje iushikilie ukuta.

"Mtoe mama," Nikolaus akasema, akaondoka bila kumtazama usoni.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa eda. Mumewe alifia chumba kile kile, na siku zake za kukaa ndani zilibaki thelathini na mbili. Imamu alikuwa ameshaitwa, akasimama mlangoni akasema dharura inaruhusu, ahamie kwa binti yake Yusrah amalizie huko.

"Ahsante, sheikh," Bi Mwanahawa alijibu. "Hiyo ni ruhusa, si amri."

Hussein akaingia peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Mama, leo tunatoka. Ukuta huu hauna siku mbili."

"Ukuta upi? Huu ulioupiga plasta wewe?" Akaupapasa kwa kiganja, pale palipokuwa peusi kwa maji. "Marehemu alikuwa akiomba atolewe nje, autazame tu. Kila aliyekuja kumjulia hali, yeye alimwambia, hii ni kazi ya Hussein, mimi nitakwenda, yenyewe itabaki. Leo niikimbie kwa unyevunyevu?"

Hussein aliona aibu. Lakini mficha uchi hazai, naye akaona heri aseme.

"Mama, ukuta nimeuharibu mimi. Saruji yangu ndiyo inayozuia maji yasitoke. Ningeuacha na udongo wake, ungekuwa umeshakauka."

Alitaka mama akasirike. Aliomba moyoni akasirike, amtukane, ainuke atoke kwa hasira. Bi Mwanahawa akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Mwanangu, unanipenda mpaka unajisingizia."

"Wallahi, mama..."

"Usiape uongo ndani ya eda yangu. Wewe hukosei kazi. Na ukinibeba kwa nguvu, radhi yangu usiitafute."

Hussein alikuwa akipandisha mifuko ya saruji begani kila siku ya Mungu, na mama yake hakufikia uzito wa mmoja. Lakini hakumgusa. Alichoweza ni kusogeza kitanda cha mama hadi upande wa pili wa chumba, akisingizia joto la dirishani. Chumba chenyewe kidogo. Upande wa pili haukuwa mbali. Kisha akaketi sakafuni, kati ya kitanda na ukuta uliolowa.

"Unafanya nini huko chini, baba?"

"Napumzika, mama."

"Egemea basi. Fundi gani anaogopa kazi yake?"

Akaegemea taratibu, asiusukume. Ubaridi ukamgusa kiunoni, shati likaanza kuloa, na unyevu ukampanda mgongoni huku mama yake akimtazama kwa fahari.