Mahindi Makavu Katika Picha ya Setilaiti

Siku Taifa-1 iliporushwa, Linda Mwaringa alikuwa bado mwanafunzi, amebanwa na wenzake mbele ya simu moja katika kantini ya chuo. Safari ya setilaiti hiyo ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa, na wengine walishaanza kukejeli. Roketi ilipopaa, Linda alilia, akasingizia vitunguu.

Jioni baba yake alipiga simu kutoka Minjila. Mzee Mwaringa alizaliwa karibu na Ngomeni.

"Zamani Wataliano walirushia roketi zao pale kwetu baharini," alisema. "Kazi yetu sisi ilikuwa kuinua shingo tu. Hii ya leo ni yetu kweli?"

"Ni yetu, Baba. Wahandisi wetu ndio walioichora."

"Basi iambie itupitie na huku."

Ilipita. Linda alipohitimu alipata kibarua katika mradi mmoja mjini Garsen, wa kuwasomea wakulima na wafugaji picha za setilaiti: maji ya mto yamefika wapi, majani yamebaki wapi. Aliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda ahadi. Aliamini watu wakionyeshwa ardhi yao yote kwa mara moja, watagombana kidogo zaidi.

Siku moja Abduba alimpigia. Abduba ni mfugaji wa Kiorma, rafiki wa baba yake tangu ujana wao. Kila mwaka mavuno yakiisha, Mwaringa humtumia habari, na ng'ombe wa Abduba huingia shambani kula mabua. Huacha samadi, na nyumba ya Mwaringa hunywa maziwa mpaka mvua zirudi. Si jambo dogo. Kwenye delta hii, ng'ombe kuingia shamba lisilovunwa kumewahi kuchoma vijiji.

"Linda, mtoto ya Mwaringa," Abduba alisema, "mimi niko huku juu ya Wenje, majani imekwisha. Simu ya baba yako haishiki. Shamba imevunwa?"

Linda alifungua picha ya karibuni. Mwezi uliopita shamba la baba yake lilikuwa la kijani. Sasa lilikuwa la hudhurungi, ukingo hadi ukingo.

"Limevunwa, Mzee. Lete ng'ombe."

"Umeona kwa macho?"

"Nimeona kwa setilaiti."

"Haya. Hiyo iko juu kuliko macho yangu."

Siku ile Linda alifanya kazi huku akitabasamu.

Ijumaa alipanda bodaboda kwenda nyumbani. Kabla ya kushuka alisikia upepo ukichakarisha majani makavu, na moyo ukamshuka. Mahindi yalikuwa yamesimama, shamba zima, masuke yakining'inia. Mwaka huu mafuriko yalichelewa kupwa, kwa hiyo wazee wake walichelewa kupanda. Na kama kawaida yao, waliyaacha mahindi yakauke kwenye mabua yenyewe. Linda alikulia humo. Lakini kutoka angani, mahindi makavu yaliyosimama na mabua matupu yana rangi moja, naye hakuuliza.

Alimkuta mama yake, Dama, akipepeta mchele.

"Mama, mnavuna lini?"

"Jumanne. Mweria umeshapangwa, majirani wote watakuja kutusaidia. Mbona umepauka?"

Linda alimwambia yote, yeye na baba yake. Simu ya Abduba haikupatikana. Mzee Mwaringa alilitazama shamba.

"Kwa hiyo ng'ombe wako njiani," alisema.

"Ndiyo, Baba. Nimewaita mimi."

"Wakiingia humu, watu hawataniuliza nani aliwaita. Watasema Waorma."

Dama aliweka ungo chini, akajifunga leso. "Basi mweria si Jumanne, ni kesho. Nakwenda kugonga milango. Na wewe msomi, kesho alfajiri ukamtafute Abduba, umwambie mwenyewe."

Asubuhi Linda alimwona Abduba njiani kwa vumbi la ng'ombe wake. Abduba alikuwa mbele ya kundi, fimbo mabegani, na Linda alimweleza yote bila kujitetea.

"Kumbe iko juu kuliko macho, lakini haijui mahindi!" Abduba alisema, akicheka.

"Inaona vizuri, Mzee. Ni mimi niliyeisoma vibaya."

Abduba aliacha kucheka. Aliwageukia ng'ombe, waliokuwa wameinua pua. "Hawa wamesikia harufu ya maji. Kuwarudisha, hapana. Nitanywesha, halafu nitashika huko kwa mto mpaka jua iende. Zaidi ya hapo siwezi."

"Haitatosha. Shamba ni kubwa."

"Basi ongeza mikono. Mimi nina ndugu zangu hapa. Kuvunja mahindi ni vita gani?"

Abduba alimwacha ndugu mmoja na ng'ombe mtoni, akaja shambani na wengine, lakini hawakuijua kazi hiyo. Abduba alivunja mabua pamoja na masuke, mpaka Dama akamnyang'anya gunia.

"Shemeji, unavuna au unapigana?"

"Mimi naogopa hii majani. Inakata kama bibi mwenye hasira."

"Bibi yako anakukata kwa sababu anakujua!"

Majirani walicheka, hata wale waliofika wakiwa wamenuna. Mwaringa aliamua wavune kuanzia upande wa mto, ili ng'ombe wakizidi nguvu wakute mabua matupu kwanza. Linda alibeba magunia mpaka mabega yakawaka. Wakati wa uji alipiga picha shamba lile, nusu limevunwa na nusu limesimama, akaituma kwa wenzake wa mradi walioko Nairobi pamoja na mipaka ya shamba. "Upande wa kushoto bado ni chakula," aliandika. "Tuifundishe kompyuta tofauti hii. Na kabla haijajua, tupige simu shambani."

Mchana ulipogeuka, ndugu wa Abduba aliyebaki na ng'ombe alipiga kelele kwamba hawashikiki tena. Upande wa mbali bado mistari michache ilikuwa imesimama. Watu waliacha kuvuna, wakamtazama Mwaringa.

Mwaringa alikwenda kwenye ua wa miiba upande wa mto, akauvuta kando kwa mikono yake mwenyewe. Ng'ombe waliingia, wakainamisha vichwa kwenye mabua. Abduba na Linda walisimama kati yao na mahindi yaliyobaki, fimbo zimelazwa mikononi kama ua, na nyuma yao majirani wakaendelea kuvunja, sasa bila haraka.