Wanga wa Resiato

Pakiti ilikuwa ya mwisho. Namunyak aliikung'uta mpaka kwenye pembe zake, akakoroga wanga wa mahindi kwa maji baridi, akampa mke wa mwanawe palepale stendi ya Karatu.

"Kunywa wote."

Resiato alikunywa, mkono mmoja tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi, uleule uliomuua kaka yake: ini huhifadhi sukari, kisha haliiachii. Akikaa na njaa, huzimia. Wanga mbichi humeng'enywa polepole, ukamshikilia mpaka alfajiri. Ukipikwa, hauna kazi.

Kwao Endulen, mjamzito wa miezi hiyo hupunguziwa chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Namunyak alizaa sita hivyo, na hata Resiato alikuwa ameanza kumnyima chakula, mpaka asubuhi moja alipomwita, naye asiitike, akampaka asali ulimini. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkorogaji. Majirani wakimcheka kwamba ananenepesha ng'ombe wa mnada, hujibu, "Wangu anaamka."

Kwenye dirisha la dawa hospitalini waliambiwa wanga ni chakula, hautolewi pale. Kwenye ofisi ya chakula cha msaada waliambiwa ni dawa. Wakaenda dukani kwa Cresensia.

"Pole, yeyo," alisema Cresensia, akimwita mama kwa Kimaasai. "Umebaki ule wa loji ya watalii, na wameshalipia."

Dereva wa loji alikuwa mlangoni, katoni begani. "Shikamoo, bibi. Naomba njia."

"Marahaba. Wageni wenu wanaumwa nini?"

"Hawaumwi. Mpishi anautia kwenye supu iwe nzito."

"Leo wanywe nyepesi."

Dereva alicheka. Namunyak hakucheka, wala hakusogea. Kijana akamtazama Resiato, aliyejiegemeza kwenye gunia la maharage, midomo imekauka.

"Bosi atanimaliza, bibi."

"Mwambie umekutana na Namunyak wa Endulen. Akitaka, aje anidai mimi."

Dereva alishusha katoni. Akatoa pakiti mbili, akasita, akaongeza ya tatu. "Hii noma," alisema, akapokea pesa, akaondoka haraka.

"Hizi hazifiki wiki ijayo, yeyo," Resiato alisema taratibu.

"Na mzigo wa wiki ijayo ni wa loji wote," alisema Cresensia. "Ukitaka wako, wauzaji wa jumla hawauzi chini ya katoni."

"Katoni ni mbuzi wangapi?"

Cresensia alifikiri. "Wawili."

Zizini walikuwa wamebaki watatu.

"Agiza," alisema Namunyak.